Mubaraka na Nyama ya Kalerwe

Siku Mubaraka aliposhindwa mtihani, mimi Joska nilicheka. Naungama mapema, msije mkanidhania mtu mwema.

Tulikuwa manesi sita, tukijifunza kutafuta mishipa ya damu kwa mashine ya altrasaundi, kwa ajili ya wale wagonjwa unaowatoboa na kuwatoboa hadi mnataka kulia wote wawili. Kabla ya kumgusa mtu tulidunga nyama: paja la ng'ombe kutoka soko la Kalerwe, ndani yake mirija ya mpira iliyojaa maji mekundu. Kazi ni kuifuata ncha ya sindano kwenye skrini mpaka iingie mrijani. Atakayeshindwa mara mbili anarudi wodini, nafasi yake apewe mwingine.

Hakuna aliyeitaka nafasi hiyo kama Mubaraka. Kaka yake Jibril ana sikoseli, na kila akilazwa hutobolewa mara saba, nane, kabla dripu haijaingia.

Lakini Mubaraka ni binti wa Kinubi, amekua akishona kawa za kufunikia chakula. Mama yake alimfundisha macho yasibanduke kwenye sindano, maana mshono mmoja ukikosea, ua zima linakwenda kombo. Basi mbele ya ile nyama aliinama akakodolea macho vidole vyake, na sindano ikapita pembeni ya mrija ikatokea upande wa pili.

"Sista, unaangalia mukono!" Dokta Okwera, mwalimu wetu, alifoka. "Damu iko kwa tivi!"

Mazoea yana taabu. Nikacheka, yeye akavua glavu akatoka. Baadaye niliona aibu, na Jumamosi nikamfuata kwao Kisugu kumwomba radhi.

Nilimkuta na mama yake, Mama Ruqaiya, mkekani, mama anashona. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, lakini sindano inakwenda tu, na soga anapiga.

"Mama, unashona namna gani na hauoni?" nikauliza.

"Macho ni ya kujifunza, mwanangu. Mukono ikishajua, wewe unaiachia."

Mubaraka akanitazama. Siku hiyohiyo alijifunika mikono kwa kanga, akashona huku akitazama taarifa ya habari. Alifanya hivyo wiki mbili. Ua la kwanza mama alilipapasa akauliza, "Hii ni ua ao ni kidonda?" La mwisho alilipapasa akanyamaza, na kwa Mama Ruqaiya hiyo ni sifa kubwa.

Mtihani wa pili, Mubaraka aliomba kitambaa, akafunika mkono wake, akaikazia macho skrini. Mrija wa kwanza, ndani. Wa pili, ndani. Dokta akachomeka mwembamba kama shina la mchicha. Ndani! Nilipiga vigelegele peke yangu, na sijutii.

Mwezi uliofuata Jibril alilazwa. Mimi nilishika plasta. Alinyoosha mkono, akafumba macho kama kawaida yake, akaanza kusoma dua ya kuhimili maumivu. Mubaraka alitazama skrini tu. Jibril akamaliza dua, akangoja, akangoja tena.

"Wee dada, anza basi. Unanitesa bure."

"Fumbua macho, kaka."

Dripu ilikuwa inatiririka. Jibril aliitazama, akamtazama dada yake, akaangua kilio, na mimi mcheka wenzangu nikalia kumshinda.