Anayechelewa Analipa Chai

Kwa kutembea nchi za watu, hapa Kamembe hakuna wa kunishinda. Na kila nilikokwenda na mfuko wangu mgongoni, nilikuta wazee wawili wa Mwanza, bwana na bibi, nao na mifuko yao: Bujumbura, Kampala, Goma. Tukaweka sheria: anayefika nyuma analipa chai. Yule bibi, niliyemwita Maman, ndiye aliyetushinda siku zote, naye hunicheka: "Umechelewa tena, wewe mbio zako ni za mdomo!"

Juzi basi la Kigali likamshusha mzee peke yake, mfuko mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Nikamrukia: "Leo nimewashinda, Papa! Maman iko wapi, alipe chai?"

Akautua mfuko wa kifuani polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Tumemzika, ndugu yangu."

Tukakaa kwa muuza chai. Nikataka kulipa, maana hapa kwetu mgeni halipi. Akanishika mkono.

"Tutalipa wote wawili. Yeye amefika kwanza."

Tulikunywa polepole, wasomaji wangu. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kufika popote.