Hodi ya Daktari wa Sindano

Daktari wa sindano ana mikono mipana ya seremala, lakini sindano yake ni nyembamba ajabu. Kwanza huipasha dawa joto kiganjani, huku akiutazama kwenye skrini uvimbe wa saratani wa shangazi yangu, kichwa kakiinamisha upande, kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani. Wapasuaji walishanawa mikono, maana uvimbe umekumbatia mshipa mkubwa wa shingo na kisu hakipiti. Yeye huutilia dawa humo humo ndani, polepole, akigeuza ncha huku na huku na kujisemea, "Na kile chumba cha nyuma, je?" Ila hachomi kabla ya kusema "Hodi" na kuitikiwa. Mimi nilidhani ni utani tu.

Leo shangazi aliamka na hasira zake; daktari alipopiga hodi, hakuitikia. Nesi akakohoa. Nikafungua mdomo nimwitikie. Daktari akanikataza kwa jicho, akairudisha sindano kwenye trei, akavuta kiti, akaketi. "Nitasubiri, mama." Shangazi akamkazia macho weee, mpaka uso ukalegea.

"Huyo aliyemo humo hakupiga hodi," akasema. "Wewe karibu. Mtoe."