Kasuku wa Kocha Bang

Pyo Sang-uk alikuwa na kipaji ambacho hakuna mama angemwombea mwanawe: alijua kushindwa. Si kushindwa kwa uzembe, la, kushindwa kwa ustadi. Katika nyumba ya kikosi kule Seoul, ambako vijana walilala vitanda vya ghorofa na kuamkia kwenye kompyuta, yeye alipewa kazi ya kuwa adui. Mpinzani wa wiki hii akiwa mtu wa pupa, Sang-uk anakuwa mtu wa pupa. Wa wiki ijayo akiwa mwoga wa kujenga kuta, naye anajenga kuta. Alimwiga mtu hadi makosa yake. Wenzake wakambatiza Kasuku.

Aliyefaidi ni Do Hyeon-gyu, nyota wa kikosi, ambaye uso wake ulikuwa hadi kwenye makopo ya soda. Mchezo wao ulikuwa ule wa vita vya sayari uliopagawisha nchi nzima: unachimba madini, unajenga jeshi, unamvamia mwenzio. Anayeona hana lake tena huandika gg, herufi mbili tu, ndiyo adabu ya kukubali yaishe. Hyeon-gyu alikuwa fundi wa kupenyeza wavamizi kwa mlango wa nyuma na kuwachoma wachimbaji. Moto ukishawaka huko, Kocha Bang hupaza sauti, "Basi! Andika, tuanze nyingine!" Naye Sang-uk huandika. Asubuhi anaandika, mchana anaandika, miaka nenda miaka rudi.

"Kocha, na mimi nicheze ligi," aliomba safari moja wakiwa mezani.

"Wewe ukicheza, Hyeon-gyu afanye mazoezi na nani? Na mpishi?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mpishi naye akacheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Angeondoka, lakini aende wapi? Shule aliiacha zamani. Jeshi, ambalo kila kijana wa kiume wa huko hulazimika kulitumikia, lilikuwa linamngoja, na umri wake wa kucheza ulikuwa unakwisha. Nyumbani Uiseong, baba yake, mkulima wa vitunguu saumu, alikwisha sema neno: "Umeacha shule kwa ajili ya televisheni. Basi tutaonana kwenye televisheni." Sang-uk alinasa kama ndege kwenye ulimbo, akivuta mguu, bawa linashika. Kadiri alivyoiga vizuri ndivyo walivyozidi kumng'ang'ania, na kuiga vibaya hakujua. Mimi husema mtu hafungwi na ubaya wake tu. Wengine hufungwa na uhodari.

Halafu mchezaji wa pili wa kikosi akashikwa na kidole tumbo asubuhi ya mechi ya kufuzu. Mpinzani alikuwa Eum Ji-taek, yule yule ambaye Sang-uk alikuwa akimwiga wiki nzima. Kocha Bang akazunguka nyumba yote kwa macho, akarudi kwa Kasuku shingo upande.

"Ukishinda, umo kikosini, nitatafuta kasuku mwingine. Ukishindwa, kiti chako unakijua."

"Nakijua, Kocha."

Alipopiga simu nyumbani, mama alimnong'oneza, "Baba yako amekwisha washa televisheni. Anajifanya anatazama hali ya hewa."

Wakamwingiza kwenye kibanda cha kioo, wakamvika vipokea sauti, mlango ukafungwa. Nje watu walipiga makelele asiyoyasikia. Na alicheza, jamani! Kila alichopanga Ji-taek, Sang-uk alikwisha kukipanga yeye mwenyewe mara mia kwa niaba yake. Alimfungia njia, akamnyima madini, akapeleka jeshi zima hadi mlangoni kwake. Watangazaji walisimama juu ya viti. Hyeon-gyu, kule benchi, alikuwa anauma kucha.

Ji-taek, kwa kukata tamaa, akapenyeza wavamizi wachache kwa nyuma. Hawakuwa wa kumtisha mtu. Wachimbaji wa Sang-uk wakaanza kuungua, moto ukatanda pembeni mwa skrini, na vidole vyake, bila kumwuliza mwenyewe, vikaandika.

gg.

Mazoea yana taabu. Alitazama herufi zile mbili kana kwamba zimeandikwa na mtu mwingine. Mwamuzi akainua mkono: sheria za ligi zilikuwa wazi, mwenye kuandika amekubali kushindwa. Ji-taek alibaki mdomo wazi, hajui ashangilie au aombe radhi. Sang-uk akajaribu kufungua mlango wa kibanda, akausukuma na kuusukuma, hadi mwamuzi alipoufungua kwa nje. Ulikuwa wa kuvuta.

Kwenye gari hakuna aliyemgombeza. Afadhali wangemgombeza. Kocha Bang, kiti cha mbele, alisema tu, "Mpinzani wa wiki ijayo ni mtu wa kuchelewesha vita. Anza kumsoma." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata kitu chake kilichopotea.

Hyeon-gyu akasogea, akamkabidhi nusu ya kimbap yake, wali uliozungushiwa mwani.

"Kaka Sang-uk, nikuambie kweli, usikasirike. Ulipokuwa unashinda, moyo ulinienda mbio. Nilijiuliza, sasa mimi nitafanya mazoezi na nani?"

Alisema kwa mapenzi, mtoto wa watu, hakuwa na hila hata chembe. Sang-uk alitamani kumtandika kofi, na alitamani kulia.

"Usijali, mdogo wangu," akasema. "Nipo."