Sala ya Mezani ya Mama Hilda

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, mwanangu, naikumbuka mpaka leo. Tulikuwa tumetoka kanisani, maana huku Doha si unajua Ijumaa ndiyo Jumapili yetu, tukaketi chumbani kwangu mtaa wa Al Mansoura tunakunywa chai. Mgeni wangu alikuwa Mama Hilda, muuguzi mwenzangu, Mjamaika wa makamo mwenye macho ya buluu. Watu wakimwuliza ameyatoa wapi, anacheka tu.

Simu ikalia. Alikuwa mama yangu kutoka Taita, kwetu Kenya, anamtaka mjukuu wake. Binti yangu Wakesho, bado mdogo, akasikiliza Kitaita cha bibi yake, akatabasamu, akanirudishia simu. Hakuambulia neno. Nami kwa ujinga wa ujana nikaangua kicheko: "Mama, huyu amekuwa Mzungu!" Mama akaaga upesi, akakata simu.

Mama Hilda akauliza kulikoni. Nilipomweleza, akaweka kikombe chini.

"Babu zangu walikuwa Wajerumani," akasema. "Watumwa walipoachiwa huru, wenye mashamba wa Jamaika waliwaleta Wajerumani hao wakalime milimani. Waliahidiwa nyumba na ardhi, wakakuta msitu na homa. Wengi walizikwa. Waliobaki wakasema, tutarudi kwetu. Nani alirudi? Watoto wakafuata lugha ya sokoni. Mimi nilirithi sala moja tu ya mezani, ya Kijerumani. Niliisema na bibi yangu kila tulipokula, na hata yeye hakujua maana yake. Mpaka leo sijui nilikuwa namwambia Mungu nini."

Kisha akanikazia macho. "Wewe mama yako yu hai, halafu unacheka?"

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu hapo, kila Ijumaa Wakesho alikaa na simu, bibi akimfundisha. Walifika kwenye salamu na majina ya vyakula. Kwenye hadithi hawakufika, mama akatutangulia. Ninazitamani sana hadithi zile, maana mimi mwenyewe zimeanza kunitoka, na wa kumuuliza sina.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, samaki mkunje angali mbichi. Usijidanganye eti utamfundisha mtoto mkirudi nyumbani. Kurudi anajua Mungu. Mpe lugha ya kwenu leo, hapa hapa ugenini, wenye lugha wakiwa bado wanapokea simu.

Haya, nenda salama. Mungu akujalie wajukuu, na siku utakayowabariki wasihitaji mkalimani.