Tjitske na Vichupa Visivyopauka

Kwa miaka ishirini na sita Tjitske Hoekema alikuwa akipasua macho ya ng'ombe gizani. Kila Jumanne machinjio yalileta ndoo mbili za macho yaliyofunikwa barafu kwenye maabara yao mjini Groningen, Uholanzi. Naye alijifungia kwenye chumba cha taa nyekundu, akabandua retina moja moja kwa kibano, polepole, kama anayemenya ule utando wa ndani ya ganda la yai. Alichokitafuta ni rodopsini, protini inayonasa mwanga ndani ya jicho. Isipoguswa na mwanga, ina wekundu wa zabibu. Ikimulikwa, au ikipata joto kupita kiasi, hupauka. Wako wanaozaliwa na rodopsini dhaifu isiyokaa imara, na macho yao hufa taratibu kuanzia pembeni. Kaka yake, Wopke, alikuwa mmoja wao.

Tjitske hakuwa mwepesi wa kuamini. Hata maziwa yaliyofunguliwa asubuhi ile aliyanusa kwanza. Basi Lieven Claes, mtafiti aliyehamia kutoka Ghent, Ubelgiji, alipotangaza kwamba amepata dawa ya kuiimarisha protini hiyo isiharibiwe na joto, wenzake walipiga makofi, yeye akakunja mikono.

"Tazama mwenyewe," Lieven alimwambia, akitoa vichupa kwenye kisanduku cha joto. "Vyenye dawa, vyekundu. Visivyo na dawa, vyeupe pe!"

"Hii mara ya ngapi?"

"Ya kumi na moja. Haijakosea hata mara moja."

"Hapo ndipo panaponiwasha."

Lieven alicheka. "We Tjitske, hata jua likichomoza utalidai kitambulisho!"

Tjitske akaanza kumchunguza. Kwa nini vichupa avipange yeye tu, hataki kusaidiwa? Kwa nini simu ikilia anaipokelea ukumbini? Kwa nini daftari lake analifungia kabatini, na wengine wote yao yako mezani? Kila jambo dogo lilimwongezea shaka, na shaka ilimkosesha hamu ya chakula.

Jumapili Wopke alikuja kula. Alikuwa mwangalizi wa daraja linaloinuliwa meli zipite, mpaka macho yalipomtoa kazini. Alipapasa kijiko kando ya bakuli la supu ya njegere.

"Nimesikia bosi wenu redioni. Dawa imepatikana."

"Bado, Wopke. Usianze kupanga mambo."

"Nani kapanga? Nauliza tu, baiskeli niiuze au nisubiri kidogo?"

Tjitske alimwongezea supu.

Kesho yake Lieven alipokwenda kunywa kahawa, Tjitske aliingia chumbani akaandaa vichupa vyake mwenyewe, akiviandika alama anazozijua yeye peke yake. Lieven huweka vyenye dawa mbele, visivyo na dawa nyuma, yeye akageuza. Saa moja baadaye akavitoa. Vya mbele vilikuwa vyekundu, navyo havikuwa na dawa hata tone. Vya nyuma, vyenye dawa, vilikuwa vimepauka.

Basi kilichoamua ni mahali kichupa kilipokaa, si dawa. Kama kulikuwa na hila, si ya kubadilisha vichupa. Akazima hata ile taa nyekundu, akakaa sakafuni akingoja macho yazoee giza. Dakika kumi. Ishirini. Ndipo akakiona: kimwanga cha kijani nyuma ya kisanduku, kikipenya kwenye tundu la waya. Kilitoka kwenye kipimajoto kipya cha friji. Na kijani ndiyo rangi inayoipausha rodopsini haraka kuliko zote.

Aliyekipachika pale mwezi Februari ni yeye Tjitske.

Alimwita Lieven, akamwonyesha, akamwambia shaka zake zote, hata ile ya daftari.

"Ulinidhania mwizi?" Lieven aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwongo. Nilikudhania mwongo."

"Simu ni za mama. Anaumwa, na daftarini ndimo ninamoandika hali yake. Na vichupa napanga mwenyewe kwa sababu uliwahi kunigombeza kwamba navimwaga."

Alitoka bila kufunga mlango. Hata hivyo alasiri ile ile alikwenda mwenyewe kwa profesa, mkuu wa maabara, kusema kwamba matokeo yote kumi na moja hayafai. Walirudia kila kitu wiki sita, tundu likiwa limezibwa. Dawa ilisaidia kidogo sana, kiasi cha kuitwa mwanzo, si zaidi. Lieven alizungumza na Tjitske ya kazi tu, kisha kinyongo kikaisha, bila mmoja wao kujua ni siku gani.

Kwa Wopke, Tjitske alikwenda kwa miguu.

"Iuze baiskeli," alimwambia mlangoni. "Nisamehe."

Wopke aliuliza, "Wewe ndiye uliyegundua kosa?"

"Ndiyo. Na kosa lilikuwa langu."

"Haya, ingia basi, usinisimamishe kwenye baridi," alisema, akaupapasa mkono wake na kumvuta ndani.