Uji Kwanza, Dawa Baadaye

Gaudencia huuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Busia, na kwa ukaidi hana mpinzani. Mteja akivuta bei chini kupita kiasi, yeye hufunika beseni na kumtazama mpaka aondoke. Lakini ukaidi wote huo haukuweza kumrefusha binti yake, Bridgit. Mtoto wa miaka saba alikuwa na kimo cha wa mitatu, mzito wa kuongea, mwepesi wa kusinzia darasani, na mdogo wake alikuwa keshampita kichwa kizima. Walimwengu hawakukosa la kusema. Wengine walinong’ona kwamba amerogwa. Wengine, waliojiona wastaarabu, walimwuliza mama kama kwake chakula kipo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Katika kliniki ya homoni za watoto, kwenye hospitali ya rufaa, Daktari Oundo alimweleza kwamba tezi ya shingoni mwa Bridgit haitoi homoni ya kutosha, na bila hiyo mtoto hakui, mwili wala akili. Akampa vidonge vya kumeza kila asubuhi, maisha yote.

Gaudencia hakuruka asubuhi hata moja. Hata hivyo, waliporudi kliniki baada ya miezi kadhaa, Bridgit alisimamishwa kwenye kipimo akawa yule yule. Damu nayo ilionyesha kana kwamba dawa haijawahi kumfikia.

“Mama Bridgit, nikuulize na usikasirike,” daktari akasema. “Hizi dawa unampatia kweli?”

Alikasirika. “Daktari, mimi naweza kosa kanisa, lakini si hiyo dawa.”

“Basi niambie vile unampatia, kutoka ukiamka.”

Akasimulia, tena kwa majivuno kidogo. Anawasha jiko, anakoroga uji wa wimbi wenye soya na maziwa. Mgonjwa haulizwi uji; Bridgit anamaliza kikombe kikubwa, ndipo anapewa kidonge. Kwao dawa haiingii tumbo tupu.

Daktari akashusha pumzi. “Huo uji ndio unazuia dawa. Si nilikuambia ni maji peke yake, halafu angoje karibu saa nzima ndio akule?”

“Uliniambia,” Gaudencia akajibu polepole. “Nikaona mtoto mdogo hivi, siwezi mnyima chakula.”

Aliona aibu, na chini ya aibu hiyo akaona hofu: miezi yote ile alikuwa akimshibisha mtoto na kumzuia kukua.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Bridgit alizoea kuamkia kikombe, sasa alilia mlangoni mwa jikoni hadi majirani wakasikia. Mama mkwe hakuvumilia.

“Unanyima mtoto chakula, na watu walishaanza kusema?”

“Wacha waseme, mama,” Gaudencia akamjibu, akageuza uso ili asiyaone machozi ya mtoto. Kila asubuhi moyo ulimuuma, na kila asubuhi alingoja.

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha Jumapili moja Bridgit alipoketi kizingitini akakataa kwenda kanisani. Alisema viatu vinamuuma. Gaudencia akadhani ni kokoto. Akachutama, akabonyeza ncha ya kiatu, akakuta kidole gumba kimefika mwisho na kujikunja.

Tangu mtoto aanze kutembea, viatu vyake vilikuwa vikimchakalia miguuni bila kumbana. Hivi vilikuwa vya kwanza kumkataa. Gaudencia akaketi pale pale kizingitini na gauni lake la kanisa, akalia bila kujificha, kisha akamvua binti yake viatu wakaenda, mtoto akitembea peku.