Bwana Nani na Cheti Kigeni

Kaka yangu hafungui mlango kwa hodi tu. Ukibisha atauliza, "Nani?" na ukijibu "Mimi," ndiyo umeharibu kabisa. "Mimi ni kila mtu," atasema, na komeo haligusi. Nimewahi kusimama nje na sufuria ya moto mikononi, vidole vinaungua, mpaka nikamtajia jina la utani alilopewa na mama utotoni, ndipo akafungua. Nilimwambia palepale, kaka, wewe utazeeka peke yako. Akacheka, kisha akanusa chakula kabla ya kukipokea. Mtu huyo!

Kazini wanamwita Bwana Nani. Ndiye mtunza kompyuta wa maabara ya vipimo. Mimi nakaa mapokezi naingiza majibu ya wagonjwa, na mume wangu ni fundi wa nyaya za mtandao. Nyaya zake hazifungi kwa plastiki, anasema inazikaba. Anazifunga kwa vipande vya nguo kuukuu ninavyomchania mwenyewe nyumbani. Basi tuko watu watatu wa familia moja katika kazi moja, na umbea wake si wa kusimulia.

Majibu yote yanakaa kwenye hifadhidata, ndani ya seva iliyofungiwa chumba cha nyuma. Kila asubuhi, kabla hajavua koti, kaka anaendesha skripti yake, programu fupi aliyoiandika mwenyewe. Niliwahi kumuuliza inafanya nini.

"Seva ina kitambulisho chake, kinaitwa cheti," akasema. "Ila hii ya hifadhidata ina maringo. Haikupi cheti mpaka uipigie hodi kwa lugha yake na kuiomba mzungumze faragha. Skripti inabisha, inaomba, inapokea cheti, halafu inakilinganisha na alama ya cheti halisi niliyoichukua kwa mkono wangu, nimesimama mbele ya seva yenyewe."

"Na programu yetu ya mapokezi, nayo inauliza hivyo?"

"Hiyo? Hiyo hata ukiipa cheti kilichochorwa kwa mkaa itakwambia karibu ndani."

Nikamwambia apunguze wasiwasi, atapata presha bure.

Siku hizo hali ya kazini haikuwa nzuri. Majibu ya mgonjwa mmoja yalikuwa yamevuja mpaka mtaani, na Mkurugenzi alikuwa akitupita mapokezi bila salamu. Sikujali. Mikono yangu ilikuwa safi.

Asubuhi moja chumba cha kaka kilikuwa kinapakwa rangi, akaja kubanana nami mapokezi na kuendesha skripti kwenye mashine yangu.

"Siye," akasema.

"Siye nani?"

"Seva. Aliyeitika hapa siye seva yetu."

Akaondoka mbio kwenda chumbani kwake, akaiendesha tena kule kwenye mashine yake, akarudi na rangi mbichi begani. "Kule kwangu ni yeye. Hapa kwako siye. Kuna kitu kimekaa katikati, mdogo wangu. Kinapokea unachoandika, kinakisoma, ndipo kinakipeleka mbele." Akashusha sauti. "Sasa, anayejua kila waya humu ndani ni nani?"

Nikapiga meza. "Koma! Usimtaje mume wangu!"

"Sijamtaja. Umemtaja wewe."

Nilitamani kumzaba kibao mbele ya wagonjwa. Miaka yote anamtilia shaka shemeji yake: mara mbona amechelewa, mara simu ile alikuwa anaongea na nani. Lakini hili lilikuwa zito. Mume wangu akionekana ana mkono hapa, kazi hana, na mimi ndoa yangu sijui ingekuwaje.

"Twende tuufuate waya," nikamwambia. "Tusipokuta kazi yake, utamwomba radhi mbele yangu."

"Kwa magoti," akasema.

Waya wa mashine yangu ulitambaa juu ya korido, ukapita choo cha wafanyakazi, ukaingia kwenye kabati la ukutani karibu na ofisi ya Mkurugenzi. Kaka akalifungua. Ndani kulikuwa na kiboksi kidogo chenye taa za kijani, waya wangu umeingia upande huu, mwingine umetokea upande ule. Zote mbili zilikuwa zimefungwa kwa kitambaa cha maua ya zambarau. Kilitoka kwenye gauni nililovaa nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza. Nililichana mwenyewe, nimekaa kitandani, mume wangu akinishikia mkasi.

Mkurugenzi akatoka ofisini kwake. Hata aibu hakuwa nayo.

"Nilimwagiza mimi," akasema. "Majibu yanavuja, nikataka kujua nyie wa mapokezi mnachungulia ya nani. Usimlaumu mume wako. Tena ushukuru, mpaka leo hajaona baya lolote kwako."

"Hajaona? Kwani anayesoma ni yeye?"

"Sasa mimi mambo ya kompyuta nayajulia wapi?"

Nilimgeukia kaka, nikisubiri aseme si nilikuambia. Badala yake alinishika bega, halafu akaingiza mkono kabatini. "Majibu ya wagonjwa yanapita humu," akamwambia Mkurugenzi. "Nachomoa." Akapigiwa kelele mpaka wagonjwa wakasimama, na bado akachomoa. Siku ile nilimpenda kaka yangu, na nilimchukia vilevile kwa kuwa sahihi.

Nikarudi nyumbani mapema, nikajifungia ndani. Jua likiwa bado halijazama nikasikia hatua za mume wangu barazani, zile ninazozijua hata nikiwa usingizini.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Akacheka. "Ah, mke wangu, na wewe umeambukizwa na kaka yako?"

Nilisimama pale, mkono kwenye komeo. Nilitafuta swali la kumpima, kama kaka anavyofanya. Mchezo ule unataka anayeuliza awe na jibu tayari. Maswali yote yaliyonijia kinywani, majibu yake sikuwa nayo.